Kabichi chachu huingia mwisho: kupika shii ya mfungo

Kiazi kilichotiwa sufuriani pamoja na kabichi chachu hakiivi. Utachemsha nusu saa, utachemsha saa nzima, ukikichoma kisu bado kina moyo mgumu, na nje kimefanya ngozi kama ya mpira. Usilaumu kiazi wala moto. Asidi ya kabichi hukaza kuta za kiazi zisilegee hata maji yakichemka. Karibu kila anayejaribu shii ya mfungo, supu ya kabichi ya Warusi Waorthodoksi wanaofunga, kwa mara ya kwanza hukutana na kiazi hicho, maana maelekezo mengi husema tu "tia mboga zote, chemsha". Kwa hiyo lishike hili kabla ya kuwasha jiko: kinachotakiwa kulainika, iwe kiazi, shayiri au karoti, kilainike kwanza. Vyenye ukali, yaani kabichi chachu na nyanya ya kopo, hupikwa kando na kuingia baadaye.

Kwa Kirusi shii huandikwa kwa herufi mbili tu, щи. Ni supu ya kabichi, na Warusi wana msemo wa vina, "shchi da kasha, pishcha nasha": shii na kasha ndicho chakula chetu. Kasha ni nafaka iliyopikwa ikakauka au ikawa nzito kama uji. Shii ya siku za kawaida hupikwa kwa nyama ya ng'ombe na hutiwa kijiko cha malai ya mgando mezani. Ya mfungo haina nyama, haina samaki, haina mayai, haina maziwa wala chochote kitokanacho na maziwa.

Mfungo huu si kama wa Ramadhani, ambapo mtu hali wala hanywi mchana kutwa. Mkristo wa Kiorthodoksi hula, ila huacha aina fulani za vyakula, na huziacha kwa muda mrefu. Kwaresima Kuu ina siku 40, kisha Juma Takatifu, jumla karibu majuma 7. Mfungo wa Noeli kwa Warusi huanza Novemba 28 na kuisha Januari 6. Kuna mfungo wa Mitume, kuna wa Agosti kabla ya sikukuu ya Kulala kwa Mama wa Mungu, na juu ya hiyo kuna Jumatano na Ijumaa karibu za mwaka mzima. Utaratibu wa kimonaki unaochapishwa kwenye kalenda za kanisa ni mkali zaidi: katika Kwaresima Kuu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni chakula kikavu kisichopikwa, Jumanne na Alhamisi chakula cha moto bila mafuta, Jumamosi na Jumapili mafuta yanaruhusiwa. Familia nyingi hulegeza kidogo kwa ushauri wa padri wao. Lakini mpishi lazima ajue anampikia nani na siku gani, kwa sababu shii ya Jumanne na shii ya Jumamosi hazipikwi sawa. Nitairudia ya Jumanne baadaye.

Supu ya nyama hubebwa na mfupa. Huku mfupa haupo, na anayepika kwa fikra kwamba hii ni supu ya kawaida iliyopungukiwa nyama atapata maji ya kabichi. Nguvu yake hutoka kwenye kabichi iliyotokoswa polepole mpaka ikabadilika rangi, kwenye maji ya uyoga mkavu, na kwenye usiku mmoja wa kuilaza supu kabla ya kuila. Ukiharakisha kimojawapo, ulimi utajua.

Nianze na kabichi, maana hapo ndipo supu hii huanza kufaulu au kuharibika, majuma kadhaa kabla ya kupikwa. Urusi kabichi huchachushwa msimu wa vuli, Septemba mwishoni na Oktoba, kwa kabichi ya kuchelewa: kichwa kigumu, kizito kwa ukubwa wake, ndani cheupe. Kabichi changa ya kijani ina maji mengi na sukari kidogo; ikichachuka hulegea. Kwa kila kilo 1 ya kabichi iliyokatwa nyembamba, pima gramu 20 za chumvi ya kawaida na gramu 30 hadi 50 za karoti iliyokwaruzwa. Pima kwa mizani, usikisie kwa kiganja. Chumvi ikishuka chini ya gramu 15 kabichi hulainika na kuteleza; ikizidi 30 uchachukaji husuasua na supu yako itakuwa na chumvi usiyoweza kuitoa.

Fikicha kabichi na chumvi kwa mikono mpaka itoe maji yake, ishindilie kwenye chombo cha kioo, cha udongo au cha enameli, iwekee sahani na uzito juu. Maji yake lazima yaifunike. Kwenye joto la nyuzi 18 hadi 22 itachukua siku 4 mpaka 6. Kila siku ichome hadi chini kwa kijiti safi cha mti, sehemu kadhaa, hewa itoke. Anayesahau kijiti hupata kabichi yenye uchungu, kwa kuwa gesi imebaki ndani. Mapovu yakikoma na maji yakianza kuwa angavu, peleka mahali pa baridi. Ikae huko majuma 2 kabla ya kuipikia.

Anayeifanya Dar es Salaam au Mombasa ajue kwamba joto la nyuzi 30 hubadilisha hesabu. Kabichi huchachuka kwa siku 2 au 3, tena kwa pupa: inakuwa kali mapema na laini mapema. Pandisha chumvi hadi gramu 25 kwa kilo, weka chombo kwenye karai la maji sakafuni mahali pasipo jua, onja siku ya pili, na siku ya tatu iingie kwenye friji. Kabichi ngumu za nyanda za baridi, kama za Lushoto au Kinangop, zinafaa kuliko zile laini. Utando mweupe mwembamba juu ya maji si balaa, uondoe kwa kijiko. Ukungu wenye rangi, harufu ya uozo au maji yanayovutika kama kamasi ni vya kumwaga, bila kujaribu kuokoa chochote.

Kinachoifanya kabichi kuwa chachu ni bakteria wanaogeuza sukari yake kuwa asidi ya laktiki. Jina hilo huwatia wasiwasi baadhi ya wanaofunga, kwa kuwa asili yake ni neno la maziwa. Hakuna maziwa humo hata tone. Kabichi chachu ni chakula cha mfungo tangu enzi na enzi.

Kuna jamaa yake ya kaskazini-magharibi mwa Urusi, pande za Novgorod, Pskov na Tver, ambayo naipenda kuliko zote: shii ya kijivu. Wenyeji hawatumii moyo mweupe wa kabichi bali yale majani ya nje ya kijani kibichi ambayo sokoni hutupwa. Hukatwakatwa vidogo kabisa, huchachushwa, na supu yake hutoka na rangi ya majivu na ladha nzito yenye uchungu kidogo. Ukiipata usiitazame rangi.

Uyoga sasa. Warusi wenyewe hutumia uyoga mweupe wa msituni, Boletus edulis, ambao umeitwa mweupe kwa sababu nyama yake haiwi nyeusi ikikaushwa. Kilo 10 za mbichi hutoa takriban kilo 1 ya mkavu, ndiyo maana gramu 40 zinatosha chungu cha lita 3. Loweka gramu hizo kwenye maji baridi mililita 700 kwa saa 4 mpaka 6, au usiku kucha kwenye friji. Maji ya moto hufanya kazi kwa dakika 40, lakini uyoga hubaki mgumu katikati.

Mchanga ndio adui hapa. Uyoga wa msituni hukaushwa bila kuoshwa, na mchanga wake hushuka chini ya bakuli. Usimimine uyoga na maji yake kwenye chujio kwa pamoja, utaurudisha mchanga juu yake. Inua uyoga kwa mkono, usuuze haraka, kisha mimina yale maji polepole kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, na uache vijiko viwili vya mwisho chini ya bakuli. Maji hayo ya rangi ya chai ya rangi ndiyo mchuzi wako. Nimeona watu wakiyamwaga wakidhani ni machafu, halafu wakaongeza kidonge cha supu kufidia. Kidonge hicho chenyewe kisome: vingi vina mafuta ya kuku au ya ng'ombe, na hata vilivyoandikwa uyoga vinaweza kuwa na unga wa maziwa.

Uyoga wa msituni ukikosekana, ule mamama wa kulimwa au ule mweupe wa dukani unafaa, gramu 400, ila ukaange kwanza kwenye kikaango kipana mpaka maji yake yote yakauke na kingo ziwe kahawia. Ukitiwa mbichi kwenye supu utatoa maji tu. Na usiokote uyoga usioujua porini kwa kisa cha kupika shii. Uyoga wenye sumu kali unaua, na kuchemsha hakuondoi sumu yake.

Chungu cha watu 6, karibu lita 3, kinataka hivi: kabichi chachu gramu 700, uyoga mkavu gramu 40, shayiri iliyokobolewa gramu 60, vitunguu 2, karoti 1, kipande cha mzizi wa selari chenye ukubwa wa nusu ngumi, mafuta ya alizeti vijiko 4 vya mezani, nyanya ya kopo kijiko 1, unga wa ngano au wa rai (rye, nafaka jamaa ya ngano) kijiko 1, sukari kijiko 1 cha chai, vitunguu saumu punje 3, pilipili manga punje 8, majani ya bay 2, na maji lita 2 na nusu ukihesabu ndani yake yale ya uyoga. Viazi sijavitaja kwa makusudi. Shii ni ya kale kuliko kiazi, ambacho kilienea mashambani Urusi katika karne ya 19, na supu inayotakiwa kulala usiku hupendelea shayiri: kiazi kikipashwa moto mara ya pili huwa cha mchanga-mchanga. Ukivitaka, viazi 2 vya wastani, na shayiri ipungue nusu.

Kuhusu sufuria: ile ya aluminiamu iliyopo kila jiko kwetu haifai. Asidi huila, supu hupata ladha ya chuma na rangi hufifia. Tumia ya chuma cha pua, ya enameli isiyobanduka, au chungu cha udongo. Kama huna budi kupikia kwenye aluminiamu, basi walau usiilaze humo.

Kamua kabichi kwa mikono na uhifadhi maji yake kwenye kikombe. Onja. Ikikunja uso, isuuze mara moja kwa maji baridi na ukamue tena. Usiiloweke wala usiisuuze mara tatu, maana utabaki na nyuzi zisizo na ladha. Ikate fupi, urefu wa sentimita 3, nyuzi zisining'inie kwenye kijiko na kuchafua kidevu. Pasha vijiko 2 vya mafuta kwenye sufuria nzito, tia kabichi, geuza dakika 5, mwagia kikombe cha maji ya uyoga, funika, na shusha moto mpaka usikie mnong'ono tu. Hapo iache saa 1 na nusu. Kila robo saa ifunue, igeuze, na ikikauka iongezee maji robo kikombe. Nusu saa ya mwisho tia nyanya ya kopo na sukari.

Simama karibu ufunuapo kifuniko. Mwanzoni mvuke una ukali unaopanda puani. Kadiri muda unavyokwenda ule ukali unaondoka na harufu inageuka kuwa tamu-tamu, inayokaribia ya kitunguu kilichokaangwa taratibu. Rangi nayo inatoka ile ya majani makavu inakuwa ya asali. Chukua uzi mmoja, ubonyeze kati ya vidole: ukikubali bila kulia, kabichi iko tayari. Ukilia, ongeza muda, wala usiongeze moto. Moto mkali huunguza chini huku juu pakiwa pabichi, na kabichi iliyoshika chini hupitisha uchungu kwenye supu nzima. Ikishashika, usikwangue, hamisha ya juu kwenye sufuria nyingine.

Zamani kazi hii ilifanywa na tanuri kubwa la Kirusi, pechi. Chungu kiliingizwa asubuhi baada ya kuni kuwaka na kuisha, kikaachwa humo joto likishuka lenyewe taratibu mpaka mchana au jioni. Hapakuwa na kuchemka, joto tu lisiloisha. Mwenye oveni anaweza kuiga: nyuzi 150 kwa saa 2 na nusu, chungu kimefunikwa.

Wakati kabichi inatokota, chemsha shayiri kando kwa dakika 30 na uisuuze utelezi wake. Usipoisuuza mchuzi hautakuwa angavu. Usiizidishe pia: gramu 60 huonekana chache mchana, lakini shayiri hunywa usiku kucha, na gramu 150 zitakupa uji asubuhi. Injika uyoga ulioukata vipande kwenye maji yake yaliyobaki pamoja na maji mengine, uchemke kidogo kidogo dakika 30, kisha tia shayiri na mzizi wa selari, dakika 15 zaidi. Kama una viazi, ndipo vinapoingia, na viive kabisa. Vitunguu na karoti vikaange kwa mafuta yaliyobaki mpaka viwe vya dhahabu.

Kila kitu kikishalainika, unganisha: kabichi na vitunguu viingie kwenye mchuzi wa uyoga. Unga ukaange mkavu kwenye kikaango bila mafuta, ukigeuza, mpaka unukie kama karanga. Uache upoe, ukoroge na mchuzi uliopoa usifanye madonge, na uumimine. Unga huu ndio unaoipa supu uzito ambao mfupa ungeutoa. Pilipili manga na majani ya bay viingie hapa. Dakika 20 za moto mdogo zinatosha. Majani ya bay yatoe; yakilala ndani huleta uchungu.

Chumvi ni mwisho kabisa. Piga hesabu: gramu 700 za kabichi zilizochachushwa kwa asilimia 2 zilikuwa na gramu 14 za chumvi, na baada ya kukamua bado imebaki sehemu kubwa. Lita 3 za supu zinahitaji kama gramu 24. Kwa hiyo anza na kijiko 1 cha chai, koroga, ngoja dakika 5, onja. Kama ukali haujakolea, usikimbilie siki wala limao. Una yale maji ya kabichi kikombeni. Ongeza vijiko 2, chemsha kidogo, onja tena. Epua, tia saumu iliyopondwa na chumvi kidogo, funika dakika 20.

Inaliwa sasa, ila bado haijawa shii yenyewe. Warusi wana jina kwa ile iliyokaa siku nzima, "sutochnye", na zamani wakati wa baridi iligandishwa nje kabisa. Usiku ule ukali na utamu huingiana, uyoga hurudisha ladha yake kwenye kabichi, na supu hushikamana. Mahali pa joto usiiache jikoni mpaka asubuhi. Igawe kwenye vyombo vidogo ipoe upesi, na ndani ya saa 2 iwe kwenye friji. Kesho pasha kiasi utakachokula tu.

Narudi kwenye Jumanne. Siku isiyo na mafuta, kabichi hutokoswa kwa maji ya uyoga peke yake, nayo hushika chini upesi, basi igeuze kila dakika 10. Vitunguu vikate nusu kwa nusu, viweke kifudifudi kwenye kikaango kikavu cha moto mpaka uso uungue kidogo, kisha vichemke na uyoga. Karoti fanya vivyo hivyo. Ongeza uyoga hadi gramu 60 na unga uwe kijiko 1 na nusu. Mwili wake ni mwepesi kuliko wa Jumamosi, lakini ladha ya uyoga hutangulia mbele zaidi, na wako wanaoipenda hiyo.

Jumamosi ndiyo siku ya mafuta ya alizeti yasiyosafishwa, yale yenye rangi ya kahawia na harufu ya mbegu. Kwa Kirusi mafuta ya mimea yalizoeleka kuitwa "mafuta ya mfungo", na simulizi ya alizeti Urusi humtaja Daniil Bokarev wa Alekseevka, aliyeyakamua mwaka 1829. Kabla yake mfungo ulipikwa kwa mafuta ya mbegu za hemp (mmea wa jamii ya bangi, si mkonge) na za kitani. Mafuta haya usiyakaangie, hutoa moshi na kuwa machungu. Yatie kijiko kimoja cha chai juu ya bakuli lililokwisha kupakuliwa, pamoja na majani ya dili yaliyokatwakatwa, yale yanayofanana na ya shamari.

Pembeni weka mkate mweusi wa rai, gamba lake limesuguliwa punje ya saumu. Soma karatasi ya mkate huo kabla ya kununua, kwa sababu baadhi hutiwa maziwa. Na mla asiongeze chumvi kwenye bakuli kabla ya kuuma mkate. Rai ina uchachu na chumvi yake, na supu iliyoonekana imepooza kijiko cha kwanza huwa imekaa sawa kufikia cha tatu.